Doa Katika Jicho la Kinyonga

Mtoto yule aliweza kutunga uzi kwenye sindano nyembamba kuliko zote za bibi yake, mara moja tu, bila hata kuulowesha mdomoni. Kisha akainuka na kupiga teke ndoo ya maji iliyokuwa mbele ya miguu yake. Ndoo jamani, ndoo kubwa ya bluu, si kijiko cha chai.

Ndiyo sababu watu wa nyumbani walichelewa kujua. Mtu anayeona tundu la sindano utamwambiaje kwamba haoni ndoo? Walimwita mzembe. Mama yake, aliyekuwa mwoka mikate, alirudi kila siku hoi, nyusi nyeupe kwa unga, akikuta sakafu imelowa. "Macho umeyaacha wapi wewe, kwenye begi la shule?" Na Bibi, aliyekuwa akitia vifungo na kukunja mapindo kwa ajili ya duka la fundi cherehani, alicheka tu, akachukua tambara akafuta. Mpaka jioni moja mtoto alipotoka uani kuanua nguo, giza likiwa ndiyo kwanza linaingia, akasimama katikati ya ua ameshikilia kamba kwa mikono miwili, akaita, "Bibi, njoo unichukue." Umbali wenyewe, ukitema mate yanafika.

Daktari wa macho alikuwa kijana mpole. Alikunja gazeti likawa kama bomba, akampa Bibi aliweke jichoni.

"Unaniona?"

"Nakuona pua."

"Basi hivyo ndivyo anavyoona mjukuu wako. Hiyo pua anaiona vizuri kuliko mimi na wewe. Lakini anaiona kupitia bomba, na bomba linazidi kuwa jembamba. Penye giza ndiyo haoni kitu kabisa."

Mama mtu akauliza dawa. Daktari akalikunjua gazeti, akalinyoosha juu ya meza kwa kiganja, halafu akalinyoosha tena. "Tutaendelea kumwangalia," akasema. Bibi alisoma madarasa machache tu, lakini hakuhitaji shule kumtambua mtu asiye na jibu. Mtu huyo hunyoosha kitu kilichokwisha nyooka.

Njiani kurudi mtoto hakulia. Alitembea katikati yao, akasema kama anayekumbuka jambo la kawaida, "Hata Kinyonga daktari alimwambia hivyo hivyo. Na akapona."

Mama na Bibi wakatazamana juu ya kichwa chake.

Sasa huyu Kinyonga alikuwa mwanamke wa sinema, jasusi. Kazi yake ilikuwa kuingia majumbani mwa watu wabaya na kutoka na siri zao, na nguvu zake zilikuwa hizi: alivaa sura ya mtu yeyote anayemtaka kama wewe unavyovaa koti. Aliingia mpishi, akatoka mwenye nyumba. Katika sinema ya pili adui zake walimtilia sumu, akakwama katika sura ya kikongwe, na daktari akamwambia asahau, hatairudia sura yake, na hana siku nyingi za kuishi. Akairudia. Mtoto aliijua sinema ile neno kwa neno. Picha ya Kinyonga ilikuwa juu ya kitanda chake, alitembea kwa kunyata kama yeye, alijificha nyuma ya mapazia kusikiliza mambo ya wakubwa, mpaka mtaa mzima ukamwita Jasusi na jina lake la kuzaliwa likabaki la shuleni.

Bibi alipolisikia lile neno njiani akaelewa. Mtoto ametundika roho yake yote kwenye msumari mmoja, na msumari wenyewe ni wa sinema.

Zilikuwa zimekwisha toka sinema tatu. Ya nne ilikuwa inakuja, na matangazo yalisema ndiyo ya mwisho. Jasusi akataka kitu kimoja tu: aione kwa macho yake, kwenye ukumbi mkubwa, kabla bomba halijaziba. Mama yake hakuweza kuacha tanuri. Basi Bibi, ambaye mara ya mwisho kuingia sinema alikuwa mwali na skrini ilikuwa shuka, akavaa gauni lake la kutokea, akafuta miwani, wakaenda mchana baada ya shule.

Walikaa mstari wa nyuma kabisa. Bibi aliona ajabu, mtu asiyeona vizuri kukimbilia nyuma.

"Nikikaa mbele naona pua tu, Bibi, kama wewe ulivyomwona daktari. Nikikaa mbali picha inakuwa ndogo, inaingia karibu yote kwenye bomba."

"Karibu yote?"

"Pembeni zinakatika. Na pakiwa giza ndiyo basi. Pembeni na giza utaniambia wewe."

"Na mimi maneno yao siyaelewi, wanaongea Kiingereza kama wanakimbizwa."

"Maneno nitakuambia mimi."

Wakagawana hivyo, mmoja masikio, mwingine macho ya pembeni. Taa zikazimwa, na kazi ikaanza, na kazi haikuwa nyepesi, kwa maana Bibi hakujua kipi cha kusema na kipi cha kuacha.

"Kuna nini kushoto?" mtoto akanong'ona.

"Kuna mzee mmoja wa kitambi, kavaa suti, anapekua kabati."

"Mzee gani? Mbona namsikia Kinyonga akihema?"

"Kuhema sijui. Mimi naona kitambi."

"Ndiye yeye, Bibi! Kavaa sura ya yule waziri."

"Na kitambi kakivaa?"

"Vyote!"

"Lo! Na akila kinashiba cha nani?"

Watu wa mstari wa mbele yao wakaguna kwa kicheko. Kiti cha pembeni alikaa bwana mmoja mnene mwenye ndoo ya bisi mapajani. Akageuka. "Mama, tunakuomba. Hapa sinema, si kikao cha ukoo."

"Nisamehe, mwanangu. Mtoto haoni vizuri. Mimi ndiye ninayemwonea."

Yule bwana akatafuna bisi zake. Baada ya muda, watu wakifukuzana kwa magari kwenye daraja, Bibi akachanganyikiwa nani anamkimbiza nani, akasikia mdomo karibu na sikio lake: "Mwambie pia kuna mwingine juu ya paa la lori. Ana kisu." Bibi akapitisha habari. Tangu hapo wakawa watatu. Bibi akiona mwanamke aliyevaa hereni, yule bwana husema, "Huyo siye, mama, huyo ni katibu tu," na Bibi akisema katibu tu, yule bwana hupiga paja: "Kumbe ndiye!" Jasusi alikuwa akicheka mpaka anashika tumbo. Bibi alikuwa hajausikia mcheko ule tangu siku ya lile gazeti, na akajisemea moyoni kwamba kama dunia ingekubali kusimama, basi isimame papo hapo.

Haikusimama. Sinema ilifika kwenye bwawa, usiku, mvua inapiga. Adui walikuwa wametia sumu kwenye maji ya mji mzima, na lango la bwawa lilitaka mtu wa kulifunga kwa chini, mahali ambapo akishuka hapandi tena. Skrini ikawa nyeusi karibu yote. Jasusi akamshika Bibi mkono.

"Sioni kitu. Sema."

"Yuko ukutani. Ukuta mrefu, wa bwawa. Ananing'inia."

"Kavaa sura ya nani?"

"Yake mwenyewe. Juu yuko mdogo wake, kamshika kiganja."

"Halafu?"

"Mdogo wake analia. Yeye anatikisa kichwa."

Muziki ukakatika. Ukumbi mzima haukusikika hata pumzi. Na hapo Bibi, ambaye tangu utotoni hakuweza kumtazama mtu akianguka, ambaye hata fundi akipanda ngazi kuziba bati yeye hugeukia ukutani, alifumba macho. Hakukusudia. Yalijifumba yenyewe.

"Bibi? Mbona kimya? Bibi!"

Alipoyafumbua aliona kiganja cha yule mdogo mtu, kitupu, mvua inakinyeshea. Kisha mahali pote watu wakaanza kulia, watu wazima na akili zao.

"Ameanguka, mwanangu."

"Ameanguka wapi? Kashika nini?"

"Hakushika kitu."

"Hapo chini yake kuna kamba. Huwa kuna kamba. Tazama vizuri."

"Hakuna kamba, Jasusi wangu. Lango limefungika. Maji yametulia."

Yule bwana mnene alikuwa ameinamia ndoo yake ya bisi. "Amekufa, mdogo wangu," akasema. "Wametuulia mtu wetu."

Taa zilipowashwa mtoto alifikicha macho na kuyafinya kwa ukali wa mwanga. Hakuwa na chozi hata moja. Alimgeukia bibi yake. "Jicho la kushoto lilikuwaje?"

"Jicho?"

"La Kinyonga, alipokuwa ananing'inia. Katika sinema ya tatu kuna mwanamke mwingine, wa upande wa adui, aliiba zile nguvu. Huyo anaweza kuvaa sura ya Kinyonga mwenyewe. Hawakumkamata. Ila hawezi kitu kimoja: Kinyonga ana doa kwenye weupe wa jicho la kushoto, kama tone la chai. Hata avae sura gani, doa halibanduki. Mwizi hana. Kwa hiyo, lilikuwa na doa au halikuwa nalo?"

Bibi akavua miwani yake. "Nilifumba macho," akasema.

Mtoto hakukasirika. Afadhali angekasirika. Alikaa akiangalia ile skrini tupu, akasema polepole, "Ulifumba," kama mtu anayejaribu nguo isiyomwenea.

Zikafuata siku za shida nyumbani. Jasusi alikula kama anayelipishwa adhabu. Akirudi shuleni anaingia kitandani na sare yake, anaegemea ukuta chini ya ile picha. Wenzake walikuwa wamegawanyika, kundi hili linasema doa lilikuwepo, kundi lile linakula kiapo kwamba halikuwepo, na walitupiana maneno mpaka mwalimu akapiga marufuku jina la Kinyonga darasani. Mmoja alikuwa na kipande kilichoibwa kwa simu, akamwonyesha. Giza tupu, na vichwa vya watu.

"Wote hao wanasema wanachotaka," alimwambia Bibi. "Wewe ndiye ungesema ulichoona."

Mama mtu alivumilia, akavumilia, mwisho akapasuka. Ilikuwa mezani, mtoto anasukuma tonge huku na huku.

"Mtu wa sinema! Unasusa chakula kwa ajili ya mtu wa sinema! Huyo mwanamke mwenyewe kaenda kwake, kaoga, kala, sasa hivi kanyoosha miguu."

"Mama, huelewi."

"Nieleweshe basi!"

"Kama amekufa, basi yule daktari wake alikuwa sahihi. Kifo kilichelewa tu."

Mama aliinuka akaenda jikoni, akafungua bomba la maji likamwagika bila chombo chochote chini yake. Bibi akamfuata. Binti yake alikuwa amempa mgongo, mabega yanamcheza.

"Mama," akasema bila kugeuka, "mdanganye. Mwambie umekumbuka, jicho halikuwa na doa. Itakugharimu nini?"

"Na kesho je?"

"Kesho na aje na la kesho. Mimi nataka ale leo."

Bibi akafunga lile bomba. Alikuwa mwepesi wa kudanganya watoto, asijisifu mtu. Alikwisha danganya sana katika maisha yake kuhusu sindano za hospitali, kuhusu kuku aliyepotea. Lakini uongo ule wa zamani aliusema kwa watu wenye macho yao, wanaoweza kwenda kujitazamia. Huyu hana pengine pa kutazama. Alirudi mezani na maneno ya uongo yamejipanga mdomoni, tayari kabisa, akamkuta mtoto anapapasa sahani kwa vidole vya mkono wa kushoto, kwanza ukingo, halafu tonge, kujua viko wapi. Wiki iliyopita hakuwa akipapasa. Maneno yakarudi tumboni.

"Sinema bado iko pale?" Bibi akauliza.

"Iko. Mpaka Ijumaa."

"Basi tutarudi. Safari hii sifumbi."

Wakarudi siku ya mwisho, mchana baada ya shule. Ukumbi ulikuwa karibu mtupu, maana kila mwenye kulia alikwisha lia. Wakakaa pale pale nyuma. Bibi sasa aliijua kazi, alisema kushoto na kulia kama kondakta wa zamani, lakini mtoto hakucheka, na hata penye mwanga, kwenye lile daraja, alikuwa anauliza. "Lori limekuja?" Lori lilikuwa limeijaza skrini yote. "Limekuja," Bibi akasema.

Kulikuwa na tatizo moja, nalo wote wawili walilijua tangu nyumbani. Kutoka mstari wa nyuma, kwa miwani ile ya Bibi, jicho la mtu lilikuwa nukta. Doa la chai ndani ya nukta lingeonwa na malaika. Ilibidi mtu akakae mbele, na Jasusi mbele hakuwa na faida.

"Nitakuachaje peke yako?"

"Bibi, mimi sina pa kwenda. Nenda. Ukisikia maji yameanza kunguruma, shuka."

Maji yakanguruma. Bibi akainuka, akashika kiti baada ya kiti, akashuka zile ngazi pana, pembeni kuna vitaa vidogo vya kuonyesha ukingo, magoti yanamlalamikia. Alijiona kichekesho. Mwanamke mzima, kikongwe, ananyata gizani kwenda kuchungulia jicho la mtu. Akafika mstari wa kwanza, akakaa, akainua shingo, na mbele yake pakawa na ukuta, mvua, na uso wa mwanamke mkubwa kama nyumba.

Alifuta miwani kwa upindo wa gauni. Akaishika kwa mikono miwili. Alihisi kope zinataka kuteremka, akazikatalia, akayatoa macho mpaka yakawasha.

Doa lilikuwepo. Lilikuwa na upana wa sinia, rangi ya chai ya rangi, kwenye weupe wa jicho la kushoto, chini kidogo. Lilikuwepo kabisa. Akaona na lile alilolikosa mara ya kwanza. Mkono haukuteleza. Mdogo mtu alikuwa amekaza kwa nguvu zote, na Kinyonga mwenyewe alivifungua vidole vyake, kimoja kimoja, akiutazama uso wa mdogo wake kama anayetaka kuukariri. Halafu pakawa na mvua.

Bibi alibaki amekaa. Majina ya waliotengeneza sinema yakaanza kupanda kwenye skrini, mengi mno, kana kwamba kijiji kizima kilihitajika ili kumwua mtu mmoja. Alijiuliza kwa nini, kati ya watu wote wale, hakuna hata mmoja aliyesema tumwache aishi. Ingewagharimu nini? Kisha akasikia maneno yale ni ya binti yake, ya jikoni.

Akashika kiti, akaanza kupanda. Alikuwa katikati ya ngazi taa za ukumbi zilipowaka, za darini na za ukutani, zote. Watu wachache waliokuwepo wakainuka, wakajinyoosha, wakachukua mifuko yao. Bibi aliona punje za bisi kwenye zulia, aliona tarakimu zilizoandikwa kwenye migongo ya viti. Na kule juu alimwona mjukuu wake amekaa wima, mikono juu ya magoti, uso ameuelekeza kwenye sauti ya hatua zake.

"Polepole, Bibi," mtoto akasema. "Usije ukajikwaa na giza hili."

Mguu wa Bibi ulikuwa umefika kwenye ngazi nyingine. Ulibaki hapo, haupandi wala haushuki. Alitazama taa za darini. Alizitazama za ukutani. Akatamani mtu, fundi yeyote, aje azizime, japo kwa muda mfupi, ili neno la mtoto lipate kuwa kweli.

Hakuja mtu. Akapanda. Akakaa kwenye kiti chake.

"Umeliona?"

"Nimeliona."

"Lina doa?"

"Lina doa, mwanangu."

"Una hakika?"

"Kama ninavyokuona wewe." Neno likawa limekwisha toka.

Jasusi akatikisa kichwa taratibu. Vidole vyake vilikuwa vinachezea ukingo wa kiti, mahali ambapo kitambaa kilikuwa kimefumuka. "Aliteleza?"

"Hapana. Aliachia mwenyewe. Mdogo wake alikuwa hataki."

"Basi si mwizi. Mwizi asingeachia." Akavuta uzi mmoja wa kitambaa. "Kumbe ile mara nyingine hakupona. Aliongezewa siku tu."

Bibi alitafuta la kusema. Alilitafuta kila mahali, kama sindano iliyodondoka zuliani, alipapasa kwa maneno yote aliyowahi kuwaambia watoto wanaolia, na lolote aliloligusa lilikuwa dogo. Mwisho akauchukua ule mkono uliokuwa unafumua kiti, akaushika tu. Chozi la kwanza la mtoto likaangukia juu ya kidole chake cha gumba, kile chenye sugu ya sindano, hata hakulihisi joto lake. Aliliona. Yakafuata mengine. Mtoto alilia bila sauti, mabega yakimcheza vile vile kama ya mama yake jikoni.

Baadaye akajifuta kwa mkono wa sare. "Ngoja wawashe taa ndiyo tutoke," akasema. "Watu wasinione hivi."

"Sawa," Bibi akasema.

Wakangoja. Mlango wa chini ukafunguka, akaingia dada mfagiaji na ufagio wake mrefu na beleshi la takataka, huku akiimba puani. Akaanza mstari wa kwanza, akaja wa pili, akakokota bisi kwenda njiani, shwa, shwa, mpaka akafika karibu yao.

"Shikamoo, Bibi. Imeisha hiyo, jamani. Au mnangoja waongeze nyingine?"

"Marahaba, mwanangu. Tunaondoka."

"Dada," Jasusi akasema, na kwa mara ya kwanza siku hiyo palikuwa na utani kidogo katika sauti yake, "wewe nawe unafagiaje gizani? Utaacha nusu ya takataka."

"Giza gani, mdogo wangu?" Mfagiaji akacheka. Akatazama taa juu. Akamtazama mtoto, halafu akamtazama Bibi, na kicheko kikamwisha usoni kidogo kidogo. Ufagio aliuinua kutoka sakafuni, kama mtu aliyekaribia kukanyaga kitu.

Mtoto alikuwa ameusikia ule ufagio ukinyamaza.

"Bibi. Taa zinawaka?"

"Zinawaka."

"Zote?"

"Zote, mwanangu."

Hakupiga kelele. Aligeuza kichwa polepole, kutoka bega hili mpaka bega lile, kama mtu anayetafuta stesheni kwenye redio kuukuu, akarudia, akapita mahali, akarudi nyuma kidogo, akasimama. "Naona moja," akasema. "Nyekundu. Iko kule chini."

Bibi akafuata upande aliouelekeza. Ilikuwa taa ya juu ya mlango wa kutokea, ile yenye maandishi.

"Ndiyo. Ipo. Ni ya mlango."

"Naiona kweli au nabahatisha?"

"Unaiona kweli."

"Basi usinishike. Nitaifuata hiyo hiyo." Akainuka, akatanguliza mguu, akapapasa kwa ncha ya kiatu mpaka akaupata ukingo wa ngazi. Mfagiaji alirudi nyuma mpaka akagusa ukuta, ufagio amekumbatia kifuani. Mtoto akashuka ngazi ya kwanza, akashuka ya pili, shingo ameikaza, uso hauondoki kwenye ile nyekundu. Bibi akamfuata nyuma, mikono yote miwili ameitanguliza hewani, karibu kabisa na mabega yale, bila kuyagusa.